Maji ya Mlangoni

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu.
Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, kanisani Machui,
nilichovya kijiti cha pamba katika kibakuli cha maji ya baraka
chini ya Mtakatifu Yosefu aliyekatika kidole,
nikakitia kichupani, nikafunga,
kisha kwa vidole vile vile nikafanya ishara ya msalaba.
Mkono una mazoea yake, haukiulizi kichwa.

Baba alikuwa akipanga mishumaa.
Msakristia, mwaka wa kumi na tisa huu.
Maji yale huyateka yeye kutoka pipa la nyuma,
padri huyabariki, basi.
Hakuniona. Au aliniona akadhani nasali.

Jumatatu, Tunguu, maabara ya pili.
Kisahani cha agari, tarehe, herufi za jina langu.
Penye *chanzo cha sampuli* nikaandika: kisima.
Uongo wangu wa kwanza wa Kwaresma,
na mie niliahidi kuacha sukari tu.

Siku ya pili kisahani kilikuwa kimeota:
madoa meupe, madoa ya manjano kama kiini cha yai,
yamesongamana kama waumini siku ya Pasaka,
hakuna pa kupitisha mguu.
Bwana Faki akainama, akatazama, akacheka:
"Kisima hichi mna mifugo?"
Nikasema, "Mna watu."

Sikucheka.
Nilikumbuka chupa ya soda iliyojazwa maji yale,
imewekwa dirishani kwa mama mwaka aliopooza.
Jioni baba alimpaka kwenye paji, kwenye midomo,
na kwenye kile kidonda cha kulalia, mgongoni,
polepole, kwa kitambaa cheupe,
huku akisema Salamu Maria kwa Kimakonde.
Nami nilishika taa.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niliitikia amina kwa sauti.
Kidonda hakikufunga.

Je, tulimpaka nini?
Swali hili halina mtihani wala padri wa kulisahihisha.
Nimelibeba hadi bwenini, nimelilaza kwenye mto,
na usiku wa manane Raya ananiamsha twende tule daku,
maana mwaka huu mifungo yetu imekutana
na yeye hapendi kula peke yake.
Nikamwambia yote, mdomo umejaa boko boko.
Akatafuna kwanza, akameza.
"Sisi maji yakibadilika rangi, ladha au harufu, hatuyatawadhii.
Kwani nyinyi hamyachungulii?"
Kisha, akijimiminia chai:
"Na wewe, Anzelma, ulitaka Mungu akuotee nini kwenye kisahani?"

Sijui. Labda nilitaka kisiote kitu.
Labda nilitaka kiote, nipumzike.

Jumamosi nilikwenda Machui na brashi na jiki.
Baba akanikuta nimeinamia kibakuli, mikono imeshikwa na utando.
"Nani kakutuma?"
"Hakuna."
Akasimama. Nilimsikia akipumua kwa pua, kama anapopanda ngazi ya kengele.
"Hayo ya zamani usiyatupe chooni," akasema.
"Yamebarikiwa. Yamwage penye udongo."
Nikayamwaga chini ya mlangilangi, akisimamia,
na ardhi ikayanywa bila kuuliza.
Nilifungua mdomo. "Baba, yale maji, wakati wa mama..."
Akachukua ndoo.
"Nitachemsha mengine," akasema. "Tangu leo nitachemsha."
Sikujua kama hilo lilikuwa jibu.
Mkono wake ulitetemeka kwenye mshikio, au ndoo ilikuwa nzito.

Jumapili nilichovya tena.
Paji la uso likanuka jiki misa nzima.
Baba wa Mbinguni, nilisema, kama upo kwenye maji,
na kama haumo, sogea kidogo nikae.
Ndiyo sala yote niliyoiweza.

Kisahani bado kimo kwenye friji ya maabara, rafu ya chini.
Lile neno *kisima* nimelifuta kwa kucha.
Pameachwa wazi.